Mwongozo wa Kugombea Mpaka Bila Kuuza Shamba

Jirani kasogeza masale. Jana mstari ulipita nyuma ya mgomba wako, leo unapita mbele. Ukiuza ng'ombe leo ili umkomoe mahakamani, wa kwanza kukomolewa ni ng'ombe. Anza hivi.

1. Weka panga chini. Panga halijawahi kupima ardhi.

2. Usiling'oe sale. Uchagani mmea wa sale ni alama ya mpaka, na jani lake ndilo mtu hulipeleka anapokwenda kuomba msamaha. Anayeling'oa usiku anaondoa shahidi na msuluhishi kwa mkupuo mmoja.

3. Mwone mwenyekiti wa kitongoji, kisha Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya 1999 inaliwekea baraza hilo wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Kazi yao ni kusuluhisha, hawamlazimishi mtu. Kwa hiyo ubabe uache nyumbani, pamoja na ile kreti ya soda. Zawadi inayotangulia shauri ni rushwa, hata ukiiita chai.

4. Wapelekeni wajumbe shambani. Ofisini hakuna mpaka. Waite majirani wa pande zote, na bibi aliyelima hapo tangu ujana, awaonyeshe mahali alipokuwa akigeuzia jembe. Mjane na binti wasifungiwe jikoni wakiwapikia wazee: sheria hiyohiyo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

5. Mkikubaliana, andikeni papo hapo: mpaka unapita wapi, kuanzia mti gani hadi jiwe gani, tarehe, sahihi zenu na za mashahidi, muhuri wa kijiji. Kila mmoja aondoke na nakala. Makubaliano ya mdomo huzikwa na mashahidi wake.

6. Mkishindwana, nendeni Baraza la Kata. Tangu sheria inayolihusu irekebishwe mwaka 2021, baraza hili linapatanisha tu, haliamui, na limepewa siku 30. Wakili haruhusiwi kumtetea mtu humo, kwa hiyo jieleze mwenyewe, polepole, bila matusi. Usilipite juu kwa juu: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri lisilopitia usuluhishi wa kata.

7. Usinyamaze ukidhani unadumisha amani. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Na ukipigwa, au ukighushiwa hati, hilo ni jinai: nenda polisi.

Yote haya yana sababu moja. Hukumu inaweza kukurudishia hatua mbili za shamba, lakini haimhamishi jirani. Ukipiga yowe usiku, hakimu yuko mjini. Atakayefika wa kwanza ni huyo mliyegombana naye, kwa hiyo mdai haki yako kwa namna itakayomwachia sababu ya kuja.