Sahibu Yangu wa Dumna

Jana baada ya sala ya isha, mbele ya hadhara ya wazee kwa vijana waliojaa barazani kwetu kunywa kahawa na kupeleleza habari za watu, mimi na sahibu yangu tuliinuliwa vitini kwa fedheha ambayo hata muuza kahawa, mtu asiyepata kuonekana meno, ilimlazimu kuliweka dele lake chini ili acheke kwa nafasi.

Wasioujua mchezo wa dumna hudhani kuwa ni makelele ya kupiga kete mezani tu. Kumbe ni ilimu. Dadu mbili zikitupwa pamoja, matokeo yake, pasipo kuyakariri, ni 21. Wachina waliobuni mchezo waliyachonga hayo katika kete, wakakariri baadhi yake hata zikatimia 32, nao watu wa Ulaya, ulipoonekana kwao katika karne ya 18, hawakuwa na zile zilizokaririwa, bali walitia saba zenye upande mtupu, ndipo zikapatikana hizi 28 tunazogombania sisi. Kwa hiyo kila namba imo katika kete saba, wala haizidi. Na maadamu wachezaji wanne hugawana zote, kila agongaye meza kwa kukosa pa kuweka huwa ametangaza siri ya mkono wake kwa mwenye masikio. Ama kwa wawili wanaochezeana, sharti ni moja: namba aliyoishikilia mwenzio ni mali yake, usiifunike ilhali unapo pengine pa kuweka.

Basi jana tano ilikuwa mali yangu. Nne zilikwisha kulala mezani, mbili ninazo, na kwa kuwa mahasimu wetu wote wawili walikwisha kugonga meza tano ikiwakodolea macho, ya saba haikuwa ila kwa sahibu yangu. Ncha moja ya mchezo ilikuwa tano, ya pili mbili. Mkononi alikuwa na mbili-moja, tuliyoiona sote baadaye, ambayo lau angaliiweka, hasimu aliyefuata, aliyebakiwa na kete moja tu, tupu-sita, angaligonga meza kwa huzuni. Sahibu yangu alifikiri sana, akasoma bismillahi, akaifunika tano yangu kwa tano-tupu, akanitazama kwa bashasha: “Nimekufungulia njia, bwana.” Njia kweli ilifunguka; hasimu akapita nayo na tupu-sita yake, akamaliza.

Nikataka kusema neno, lakini mzee mmoja akaniwahi: “Mstahamilie mwenzio, ana nia njema.” Na hapo ndipo ninapochomwa. Nia yake siikanushi; ndiye aliyelipia kahawa ya watu wote, na nilipougua homa alikuwa wa kwanza kubisha hodi. Lakini ni insafu gani hii, kwamba asiyejua kuhesabu hupewa pole na kashata, na ajuaye hupewa asiyejua, akaambiwa amfundishe, kisha akaaibishwa pamoja naye kwa sehemu sawasawa? Nimfundishe vipi mtu anayekubali kila nisemalo, akashukuru kwa mkono kifuani, kisha akatenda kinyume kwa ajili ya kunifurahisha? Mtu mkaidi ningalimgombeza. Huyu ukimgombeza, wewe ndiwe mbaya wa mtaa.

Wala si kwenye dumna tu: siku tuliyosaidiana kufunga turubai la harusi, alifunga kamba yake kwenye gari la watu, nalo likaondoka.

Alasiri ya leo amemtuma mwanawe kwangu na salamu nyingi, kwamba nisichelewe jioni, vile viti viwili ameshaviwekea nafasi, na kuwa usiku kucha hakulala akifikiri, hata amegundua kosa letu la jana lilikuwa wapi: mimi nilizing'ang'ania mno tano.