Namna ya Kubishana Barazani Bagamoyo na Kesho Ukapewa Nafasi

Anayetaka kubishana barazani Bagamoyo aanze kwa kusalimia watu mmoja mmoja, na shikamoo kwa kila aliyemzidi umri, hata yule ambaye jana waliachana hawasemezani. Asikae kabla hajakaribishwa. Akikaribishwa, asikimbilie kiti chenye mgongo. Kile kina mwenyewe, na mwenyewe yuko msikitini, anarudi. Kisha amwite muuza kahawa, awanunulie watu wawili watatu, na kashata juu, kabla hajatoa hoja yoyote. Mtu aliyekunywa kahawa yako atakusikiliza mpaka mwisho kabla hajakuambia kwamba umepotea.

Hayo ni ya mlangoni. Kazi inaanza ukishakaa, kwa sababu kuanzia Dunda na Magomeni mpaka Kaole, na ukielekea Dar es Salaam, Zinga, Kerege na Mapinga, mabaraza yote yanazungumza mambo manne: siasa, ugomvi wa ndugu, maradhi, na maisha ya watu maarufu. Simba na Yanga wapo pia, ila hao wanahitaji mwongozo wao peke yao. Naandika haya kwa kuwa nalipenda baraza, na inaniuma kuona watu waliocheza bao pamoja tangu utotoni wakikatana salamu kwa jambo ambalo hakuna kati yao aliyelijua vizuri. Kabla hujafungua mdomo, jiulize: nani atalipa gharama ya maneno haya? Mara nyingi si wewe, wala si mkubwa unayemsema. Ni mtu wa nyumba ya tatu.

Katika siasa utabishana juu ya bandari iliyopangwa kujengwa Bagamoyo. Hakuna pa kukimbilia, kwa hiyo jifunze tarehe zake. Mkataba wa awali ulitiwa saini Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipokuja Dar es Salaam. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, mtoto wa huku huku, aliweka jiwe la msingi. Fedha zilizotajwa zilikuwa dola bilioni 10, na Oman nayo ilikuwamo. Juni 2019 Rais John Magufuli akasema hadharani kwamba masharti ya wawekezaji hayakubaliki, likiwemo lile la kukodisha kwa miaka 99. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo yanafufuliwa. Ukizitaja tarehe hizi kwa mpangilio na kwa sauti ya kawaida, nusu ya kelele itakwisha, kwa sababu nusu ya kelele za barazani ni watu wawili wanaozungumzia miaka miwili tofauti.

Nusu inayobaki ndiyo yenye maana. Mmoja atasema ingeshajengwa, vijana wangekuwa na kazi. Mwingine atasema tungekuwa tumeuzwa. Usichague upande haraka. Wote wawili wana jambo, na wote wawili wamesahau kuuliza habari za shamba. Mnazi wetu mrefu wa kienyeji huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba. Kati ya jiwe la msingi na tangazo la kufufua mazungumzo ilipita karibu miaka sita. Mtu wa Mlingotini ambaye shamba lake lilitajwa kwamba litachukuliwa, angepanda mche mwaka ule wa 2015, angekuwa anakaribia kuangua madafu. Lakini nani apande mti wa miaka hamsini kwenye ardhi asiyojua kama mwakani ni yake? Huyo ndiye mtu wa kumzungumzia. Ulizeni nani amelipwa fidia, nani bado, nani ana karatasi ya tathmini na nani aliambiwa kwa mdomo tu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Baraza likijua hilo, na likijua majina ya waliosubiri, mbunge au diwani akipita ataulizwa swali ambalo hawezi kulijibu kwa kupunga mkono.

Joto likizidi, tumieni utani. Mzaramo na Mnyamwezi walianza kutaniana zama za misafara, wapagazi wa bara walipokuwa wakitua mizigo ya pembe katika mji huu, na utani huo umeishi kuliko vyama vyote vya siasa. Mwambie mtani wako kwamba chama chake kimemnenepesha kichwa pekee. Atacheka, atakurudishia, na mtaendelea. Ila utani una mipaka: asiye mtani wako usimtanie, na ukimtukana mtu usidai baadaye kwamba ulikuwa unamtania.

Kutoka bandarini mpaka kwenye ugomvi wa ndugu ni hatua moja, maana ardhi ni ile ile. Kila tetesi ya bandari imepandisha bei ya viwanja, na bei ikipanda, ndugu waliokuwa hawajali shamba la babu wanakumbuka kwamba nao ni wajukuu. Kisa kinajulikana kwa kila aliyekaa pwani hii. Baba amefariki, ameacha eka tatu za minazi na watoto sita wa mama wawili. Kaka mkubwa anaishi mjini, anakuja Jumamosi na mnunuzi aliyevaa miwani ya jua. Jioni habari iko barazani, na baraza limegawanyika.

Hapa nawasihi: msihukumu. Baraza halina mamlaka ya kugawa mirathi, na likijitwalia mamlaka hayo litapoteza watoto sita kwa mpigo. Lina uwezo mkubwa wa kuuliza, nao autumie mtu mwenye heshima kwa mhusika, mpwa kwa mjomba, kwa sauti ya chini.

"Mjomba, samahani, msimamizi wa mirathi mahakama ilimteua nani?"

"Mimi. Ukoo ulikaa, ukanipendekeza."

"Hongera, mjomba. Ile fomu namba tano ya orodha ya mali umeshaipeleka? Na namba sita ya hesabu?"

Akinyamaza, usimkandamize. Mueleze, kwa upole, kitu ambacho wengi hawakiambiwi mahakamani wakakielewa: msimamizi hajapewa mali. Amepewa kazi. Anakusanya, analipa madeni ya marehemu, anagawa kwa warithi, kisha anarudisha hesabu mahakamani na kazi inakwisha. Anayeuza eka tatu akiwa na barua ya usimamizi mkononi, warithi wenzake hawajaambiwa, anajitengenezea kesi itakayomfuata mpaka uzeeni, na mnunuzi wa miwani ataingia humo humo.

Halafu waulizie dada zake. Katika mabaraza yetu ya wanaume swali hili husahaulika kwa urahisi unaotisha. Familia inayofuata sheria ya Kiislamu inajua kwamba binti ana fungu lake, nusu ya fungu la kaka yake, na mjane aliyeachwa na mume mwenye watoto ana thumni. Wakiwa wajane wawili wanagawana thumni hiyo. Mafungu hayo si zawadi ya kaka. Hayangoji furaha yake, wala hayafutwi kwa kusema dada ameolewa, mumewe atamtunza. Na anayekimbilia mila za ukoo aelezwe kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, katika kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Nimeona shangazi wa watu wakitia saini karatasi wasiyoisoma kwa ajili ya kutunza undugu. Undugu unaotunzwa na upande mmoja peke yake unamlemea huyo mmoja, na baraza linaloona hivyo likanyamaza limechagua upande.

Juu ya ugomvi wa mke na mume neno ni fupi: msiuguse. Sheria ya Ndoa ya 1971 imeweka mabaraza ya usuluhishi, na kwa kawaida ndoa haifiki mahakamani kudai talaka kabla haijapita huko. Hilo ni baraza jingine, lenye watu waliochaguliwa na mlango unaofungwa. La kwetu liko mtaani. Isipokuwa kama mwanamke anapigwa. Hapo hakuna siri ya ndoa wala suluhu ya kahawa. Mtu anapelekwa hospitali na polisi, na nyinyi mnaojiita wazee wa mtaa ndio wa kumsindikiza.

Katika maradhi, anzeni kwa kujua mmekaa wapi. Bagamoyo ni mahali ambapo, Mei 2009, jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lilianza, kwa kazi ya Taasisi ya Afya Ifakara na hospitali yetu ya wilaya. Likasambaa mpaka vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, na watoto zaidi ya 15,000 wakaingia. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Ya pili, R21, nayo ilijaribiwa hapa kabla ya kupendekezwa Oktoba 2023. Inatupasa kulizungumzia jambo hili kwa fahari zaidi kuliko tunavyozungumzia magofu yetu, kwa sababu waliolifanya liwezekane ni mama wa hapa, waliobeba watoto wao kliniki miadi baada ya miadi. Mtoto anayechomwa leo Ghana au Malawi ana deni kwa mtoto wa Bagamoyo ambaye hamjui.

Sasa, atatokea mtu aseme mumiani. Damu za watoto zilitolewa, zilipelekwa wapi? Usimcheke. Hofu ya mumiani pwani hii ni ya tangu enzi za mkoloni, na mkoloni alichukua mengi bila kuuliza wenyewe. Swali lake ni zuri: damu ya mwanangu inakwenda wapi, na nani kasema sawa? Mjibu. Mueleze kwamba mzazi huelezwa utafiti kabla hajakubali, hutia saini au alama ya dole gumba, na anaruhusiwa kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Mueleze kwamba damu inayochukuliwa hupimwa, kati ya mambo mengine, vijidudu vya malaria. Na mwambie ukweli mzima, kwamba chanjo ya RTS,S kwa dozi nne ilizuia takriban visa 4 kati ya 10 katika miaka minne, kwa hiyo chandarua hakitupwi. Mtu aliyeambiwa kiasi halisi haoni baadaye kwamba alidanganywa, na ndivyo imani inavyojengwa.

Anayeleta dawa ya kila ugonjwa, mkumbusheni mwaka 2011. Nchi nzima ilifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wengine walitoka hospitali wakiwa bado wanahitaji hospitali. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, na zile haziachwi. Mitishamba ina nafasi yake, na mabibi zetu wanaijua miti kweli. Lakini barazani usimwambie mwenye kisukari au shinikizo la damu aache vidonge. Ukitaka kumsaidia, mwulize lini alipimwa mara ya mwisho, na kama hana nauli mchangie. Na ukitaka habari ya uhakika juu ya maradhi ya mtaa, ondoka barazani uende uani wanawake wanakosuka ukili. Wanaopeleka watoto kliniki wako huko, na wanajua siku gani dawa zimeisha zahanati.

Nimebakiza watu maarufu, nao sina mengi ya kuwasemea. Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alifariki Aprili 7, 2012. Barazani hukumu ilitoka siku ile ile, na msichana mdogo aliyekuwa naye alihukumiwa na watu ambao hawakuwepo chumbani. Hukumu ya mahakama ilitoka Novemba 2017. Kipimo ni hicho: kama mahakama ilihitaji zaidi ya miaka mitano, wewe huhitaji kumaliza kabla ya Isha. Na ile sauti ya WhatsApp inayosema fulani amefariki, msiisambaze. Mama yake fulani naye ana simu.

Mkitaka msanii wa kumzungumzia mpaka usiku, tunaye wetu. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeufanya mji huu kuwa nyumbani, alifundisha katika Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa. Ilimba na zeze vilimpeleka duniani, akarekodi na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Alifariki hapa hapa Bagamoyo Desemba 2003. Vijana wengi wanaopita mbele ya chuo hicho wanajua nani kaachana na nani Dar es Salaam, na hawajui kwamba yeye aliishi jirani nao. Wasimulieni, wapigieni nyimbo zake. Huo ni umbea halali.

Pamoja na yote haya, mtagombana. Basi aliyekosea asingoje Ijumaa ili apeane mkono na mwenzake msikitini mbele ya watu, maana mkono wa hadharani ni rahisi kutoa na mgumu kuamini. Aende nyumbani kwa huyo mwenzake kesho asubuhi, kabla hajatoka, apige hodi, aseme neno gani alilisema na kwamba analirudisha. Kama neno hilo lilimgusa mtu wa tatu, mjane au dada au yule wa Mlingotini, aende na kwake vilevile. Asichukue mashahidi.