Barua ya Wazi kwa Wenye SAT

Kwa Waheshimiwa College Board,
New York, Marekani.

YAH: WATAHINIWA WETU KUOGOPA MASWALI RAHISI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa tuisheni hapa Dar es Salaam. Nawanoa vijana kwa SAT, mtihani wenu wa kuingilia vyuo vya Marekani, na tangu Machi 2023, mlipotuletea sisi wa nje SAT ya kompyuta mwaka mzima kabla ya watoto wa kwenu kuionja, nimekuwa nikitafuta namna ya kuwashukuru. Mtihani wa karatasi ulikula saa tatu. Huu ni saa 2 na dakika 14, maswali 98. Vifungu vya kusoma mmevikata, kirefu kabisa hakizidi maneno 150, swali moja kila kifungu, ili mtoto asichoshwe na kusoma kabla hata hajafika chuo kikuu. Mungu awazidishie huruma.

Ila kubwa lenu ni ile mashine. Mtihani una sehemu mbili, lugha na hisabati, kila moja ikiwa na moduli mbili, yaani mafungu mawili ya maswali. Mtoto akimaliza ya kwanza, mashine inampima kimyakimya, halafu inamfungulia ya pili: ngumu kwa aliyefanya vizuri, nyepesi kwa aliyeyumba. Haimwambii amepewa ipi. Ni daladala iliyokata kona huku konda kanyamaza, abiria anachungulia dirishani kubahatisha kama inakwenda Masaki au Mbagala. Na aliyepangiwa nyepesi, hata akiyapata maswali yote, alama ya juu kabisa ya upande huo, 800, haioni.

Hapo ndipo walimu tulipogeuka waganga. Zamani mwanafunzi alitoka mtihani akisema, "Ulikuwa rahisi, mwalimu," nami nikanunua soda. Siku hizi akisema hivyo, analia. Swali la kwanza la moduli ya pili likimjia jepesi, mikono inamtoka jasho: nimekwisha, wamenishusha. Haimpitii akilini kwamba pengine ni jepesi kwa sababu alikesha nalo miezi. Mmefanikiwa kutunga mtihani ambao aliyejiandaa vizuri ndiye anayetishika zaidi, na dakika 32 za maswali 27 ya lugha zinayeyuka akijipigia ramli badala ya kujibu.

Ramli yenyewe haina hata faida. Katika kila moduli mmepachika maswali mawili ya majaribio yasiyohesabiwa, manane kwa mtihani mzima, bila alama yoyote ya kuyatambulisha. Lile lililomvunja kijana moyo huenda halikuwa na thamani hata ya kumbikumbi. Namwambia hivyo. Ananitazama, kisha ananiuliza: "Kwa hiyo lile gumu nalo huenda halikuhesabiwa?" Sina jibu, na ada keshalipa.

Mbinu zetu tunazo, msidhani tumelala. Moduli ya kwanza nendeni taratibu, nawaambia, maana ndiyo lango. Ikishafungwa hairudiwi, ingawa ndani yake unaweza kuweka bendera kwenye swali na kulirudia. Msiache swali wazi, kwani tangu 2016 hamkati alama kwa jibu la kosa, hivyo kunyamaza ndiyo hasara pekee. Kwenye lugha, wengine huanzia maswali ya sarufi yaliyoko mbele, mafupi na yenye kanuni, kisha wanarudi kupambana na vifungu vya mashairi na sayansi.

Halafu kikokotoo cha Desmos, mlichokiweka mle mle ndani. Wapi y = x² inakutana na y = 2x + 3? Kwa mkono unahamisha, unatafuta vigawo, unapata (3, 9) na (−1, 1), karatasi imejaa. Kwa Desmos unaandika mistari miwili, unagusa mikato, umemaliza. Kijana aliyetokea mtihani wetu wa taifa wa kidato cha nne, ambako kikokotoo kwenye hisabati kimekuwa haramu miaka na miaka, hugeuka kwanza kuangalia msimamizi yuko wapi. Wengine wanakataa kabisa kukigusa. Wanaona ni wizi, nami nimeshindwa kuwashawishi kwamba wizi huu umelipiwa.

Basi naomba mawili. La kwanza, kwa kuwa hamweki hadharani hesabu inayogeuza majibu kuwa alama, na watoto wawili waliopata idadi ileile ya maswali wanaweza kuambulia alama tofauti, mturuhusu walimu tusajiliwe kama wapiga ramli halali. Asilimia yenu mtapata. La pili, mtengeneze moduli ya pili ambayo kwa yeyote atakayepewa itaanza na swali gumu kupindukia, lisilojibika hata na mtungaji. Halitahesabiwa, bila shaka. Lakini mtoto atalitazama, atatabasamu, atajua amepandishwa, kisha atajibu yaliyobaki kwa raha zake.

Wenu katika ujenzi wa vyuo vya watu,

Mwalimu wa Tuisheni,
Dar es Salaam.

Nakala: Mashine husika, kwa utekelezaji.