Sifa za Barua Iponyayo

Waganga wa kwetu wamezoea kujisifu wenyewe. Pita Kariakoo au Kongowea utawakuta kwenye nguzo za umeme, wamebandikwa juu ya vipande vya mbao: wanarudisha mpenzi aliyetoroka, wananasa mwizi, wanatibu presha, kisukari na mikosi, na namba ya simu iko chini. Yule anayewapita wote hana kibao. Makao yake ni Uingereza, husafiri kwa posta, na hubisha hodi akiwa ndani ya bahasha ya rangi ya kahawia. Namsifu leo kwa kuwa sijaona mwingine aliyejitolea kumsifu. Naam, nasema juu ya barua ya kumkatalia mlemavu mafao yake.

Nani asiyemkumbuka Babu wa Loliondo? Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alikaa kijijini kwake Samunge akiwagawia watu kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni ya kilomita kadhaa porini. Wapo waliofia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Babu alihitaji mizizi, maji, moto na vikombe, na zaidi ya yote alihitaji mgonjwa mwenye imani. Barua ninayoisifu haina haja ya mizizi wala imani. Inamponya hata anayekataa kupona.

Ushahidi ninao nyumbani. Shangazi yangu aliondoka Unguja akiwa kijana, akasafisha korido za hospitali London hadi magoti yakagoma. Ana baridi yabisi, vidole vyake vimepinda kama tangawizi, na kisukari kimemtia ganzi nyayoni kiasi kwamba alishawahi kukanyaga pini akaijua kwa damu. Hajafika umri wa pensheni, basi akaomba posho iitwayo PIP, ambayo hulipwa kwa mtu ambaye ulemavu au maradhi yanamzuia kujifanyia mambo yake. Wanapima shughuli 12: 10 za maisha ya kila siku na 2 za kutembea na kusafiri. Kila upande una hesabu yake. Ukifikisha alama 8 unalipwa kiwango cha kawaida, ukifikisha 12 unalipwa kiwango cha juu.

Ikaja barua. Ulisema una shida ya kuandaa chakula; nimeamua kwamba unaweza kuandaa na kupika chakula rahisi bila msaada: 0. Ulisema una shida ya kuoga. Nimeamua kwamba unaweza kuoga bila msaada: 0. Ya kuvaa, 0. Ya chooni, 0. Ikateremka hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, kiungo baada ya kiungo, mpaka mwisho Shangazi hakuwa na ugonjwa hata wa kusingizia. Mganga mwingine angemchanja chale, angemfukiza ubani, angedai kuku mweusi asiye na doa. Huyu aliamua tu, na mgonjwa akawa mzima.

Na uponyaji wenyewe una elimu ndani yake. Mathalani upishi. Sheria inataka kujua kama unaweza kupika chakula cha mlo mmoja, cha mtu mmoja, kwa vitu vibichi. Shangazi tangu azaliwe hajawahi kupika chakula cha mtu mmoja. Kwao mtu wa namna hiyo angeulizwa amegombana na nani. Sheria inaendelea kufafanua kwamba kupika ni kupasha chakula moto kwenye kimo cha kiuno au juu yake. Kwa hiyo bibi zetu wote waliochutama mbele ya jiko la mkaa, wakatulea kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, kisheria hawakupika kitu. Walikuwa wakicheza na moto. Mtu asiposomeshwa na barua kama hii, atayajulia wapi mambo hayo?

Miguu nayo ilipata dawa yake. Shangazi alieleza kwamba huenda dukani mwenyewe zikiwa siku njema, akajibu pia kwamba duka liko mwendo wa dakika tano. Hakuulizwa ni dakika tano za nani. Hakuulizwa habari ya ukuta wa kwanza anaoegemea, kituo cha basi anachokalia, na mlango wa kinyozi anaposimama akijifanya anasoma bei za kunyoa. Barua ikapiga hesabu yake na kutangaza kwamba anasimama na kutembea zaidi ya mita 200. Babu mwenyewe angeomba kikombe cha namna hiyo.

Fadhila nyingine nazitaja mbio mbio. Barua ni ya adabu, humwanzia hata mtu inayemnyima kwa jina lake na heshima zote. Inafanyisha moyo mazoezi kila bahasha ya kahawia inapoanguka mlangoni. Inakuza masikio, maana ukipiga simu kuulizia utasikilizishwa muziki wa Vivaldi mpaka uweze kuuimba jikoni. Na inatunza mazingira: sababu za uamuzi wa mtu mmoja zinaweza kumfaa na mwingine bila kubadilishwa sana.

Mtaniuliza mganga huyu hupiga vipi ramli. Hutumia mtathmini wa kampuni, ambaye humtazama mgonjwa kwa muda wa kikao kimoja, kisha huandika alichokiona. Shangazi aliulizwa hali. Akajibu alivyolelewa: alhamdulillahi, sijambo. Mwanamke wa makamo, mbele ya mgeni kijana aliyekutana naye muda huo huo, aanze kumhesabia maradhi yake na habari za chooni? Ripoti ikaandika kwamba mwombaji alisema anajisikia vizuri. Ikaandika kwamba alikuwa na mkoba, na mkoba ule niliuweka mimi mapajani pake, una vidonge vyake ndani. Ikaandika kwamba alikuwa nadhifu, amevaa vizuri.

Alivalishwa! Binti yake aliamka alfajiri kabla ya zamu yake ya kazi, akamfunga vifungo kimoja kimoja, akamvika soksi huku Shangazi ameshikilia ukingo wa kitanda asianguke. Alimpaka na udi kidogo, kwa sababu mtu wa kwao haendi ofisi ya watu akinuka mafuta ya kuchulia. Sheria hiyo hiyo inasema wazi kwamba mtu hahesabiwi kuwa anaweza jambo mpaka aweze kulifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, mara nyingi kadiri inavyohitajika, na bila kuchukua muda uliopita kiasi. Hayo manne hayakutajwa penye vifungo, wala penye soksi. Usafi wa mgonjwa ukageuzwa ushahidi dhidi yake. Angekwenda mchafu wangeandika nini?

Niwieni radhi, nilikuwa katika sifa.

Mganga wa kweli haogopi kuulizwa, na barua yetu inaeleza ukurasa wa mwisho jinsi ya kuipinga. Kwanza unaiomba idara iliyokunyima ijiangalie upya yenyewe, hatua ambayo huwezi kuiruka. Kesi ya nyani kumpelekea ngedere, na ngedere huchukua muda wake. Ikishasema kwamba imejitazama na kujikuta haina kosa, ndipo unaruhusiwa kukata rufaa kwenye baraza huru. Hapo unaletewa bunda la karatasi zenye namba za kurasa: fomu yako, ripoti yao, vifungu vya kanuni, na hukumu za watu usiowajua. Mtu ambaye vidole vyake vinashindwa kufungua chupa ya maji anatakiwa alifungue bunda lile, aonyeshe ukurasa upi unapingana na upi, na aandike kwa Kiingereza cha kisheria kwa nini kushikilia ukingo wa kitanda si kujivalia mwenyewe.

Atasaidiwa na nani? Tulikwenda kwenye kituo cha ushauri, tukawakuta watu wema wa kujitolea, na nafasi yao ya karibu ilikuwa baada ya siku ya mwisho ya rufaa kupita. Daktari wa mtaa akasema barua za namna hiyo hazimo katika kazi anayolipwa. Jamaa zetu nao hawakukosa la kusema. Mmoja akashauri tushukuru, nchi ya watu haikataliwi neno. Mwingine akaapa kwamba alimwona Shangazi arusini anapiga makofi, na mtu anayepiga makofi anataka benefiti ya nini. Huyo nadhani alikosea kazi. Ile kampuni ya tathmini ingemwajiri bila usaili.

Zamani kidogo haikuwa hivi. Mtu asiye na uwezo aliweza kupata msaada wa kisheria wa serikali, akashauriwa na kutayarishiwa kesi yake ya mafao na mtu aliyesomea. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 2012 iliziondoa rufaa hizi za kawaida katika msaada huo, na ikaanza kazi tarehe 1 Aprili 2013. PIP ilianza kupokea maombi tarehe 8 Aprili 2013. Isomeni tena kalenda hiyo. Wiki moja baada ya wakili kufungiwa mlango, mganga akafungua kilinge.

Hapo ndipo sifa zangu zinapoihama barua na kuwaendea wenyewe. Karatasi haina akili ya kupanga jambo zuri namna hii. Kwa miaka mingi, katika kesi za PIP zinazofika mbele ya baraza na kusikilizwa, mwombaji hushinda karibu theluthi mbili au zaidi. Fundi cherehani akirudishiwa nguo nyingi kiasi hicho, mtaa mzima utamkimbia. Idara haimkimbii mtu, kwa sababu inajua wengi wa walionyimwa hawatafika huko. Kosa la kwanza ni rahisi kulifanya pale ambapo kulisahihisha ni mzigo wa mtu mgonjwa, peke yake, na kalamu asiyoweza kuishika. Nani awe mlemavu na nani asiwe huamuliwa na kama ana mpwa mwenye muda wa kusoma kurasa.

Shangazi anaye. Tukafika mbele ya baraza: hakimu, daktari, na mjumbe wa tatu mwenye uzoefu wa mambo ya ulemavu. Halitozi ada. Upande wa idara kiti kilikuwa kitupu. Daktari akamwomba Shangazi aeleze asubuhi yake tangu anapofumbua macho, na alipofika kwenye soksi akamkatiza: nani huwa anakuvika? Swali la maneno matatu. Lingeweza kuulizwa siku ya kwanza, tukaokoa miezi yote ile ya kukopa kodi ya nyumba.

Uamuzi ukatoka kwamba Shangazi ni mgonjwa. Walimrudishia magoti yake, vidole vyake na ganzi yake, pamoja na malimbikizo ya pesa tangu alipoomba. Sijapata kuona mtu akafurahia ugonjwa hivyo. Alipiga makofi, na natumaini yule jamaa wa arusini hakuwa anapita. Barua ya kuomba radhi haikuja. Babu wa Loliondo naye hakuwahi kuomba radhi, lakini angalau hakuwahi kumtaka mtu athibitishe mbele ya hakimu kwamba hakupona.

Ghorofa ya juu yetu anakaa bi mmoja wa Kimombasa, mshonaji, macho yake yamekwisha kwa kisukari. Naye aliponywa kwa barua. Hakukata rufaa, kwa kuwa barua yenyewe hakuweza kuisoma na hakutaka kuwasumbua watu. Aliiweka kwenye droo pamoja na risiti za umeme. Mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya huhesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya barua, siyo siku ilipofika, na kwake ulipita zamani. Lakini mwenye sababu ya msingi anaweza kuomba hata akiwa amechelewa, mradi haijatimia miezi 13. Barua yake ina miezi saba. Jumamosi Shangazi anapanda kwake, lifti ikiwa nzima, na mimi nitabeba kalamu.