Panya Kijiko, Mimi Zege

Juzi nilishuka kwenye daladala la Gongo la Mboto shati limepungua vifungo viwili na mimi nimepungua utu. Asubuhi bosi alinifokea mbele ya mfanyakazi aliyeanza kazi Jumatatu. Mchana mwenye nyumba akanikumbusha kodi ya miezi sita, ujumbe mzima kwa herufi kubwa. Jioni dereva akatusimamisha kituoni dakika arobaini, eti gari halijajaa, na mimi nimebanwa kwapani mwa mtu.

Sikwenda kwa dogo wa chipsi. Miguu ndiyo ilinipeleka.

Dogo yule haniulizi kitu. Ananisoma uso, anagonga mayai mawili ukingoni mwa bakuli, anayamimina juu ya chipsi, kikaango kinachachamaa. Yai linaposhika kingo anafunika kwa sahani, anageuza kwa mkupuo mmoja, zege hilo mezani, kachumbari pembeni. Tonge la pili tu mabega yangu yakashuka. La nne, nikamsamehe bosi. Mwenye nyumba nilimsamehe nilipofika kwenye kachumbari.

Nyumbani nikapokewa na pua ya mke wangu.

"Baba Salma, umekula huko?"

"Nimeonja tu."

"Mbona shati limeonja na lenyewe?"

Nikaona nijitetee kisayansi. Nikamweleza kwamba mtu akikerwa, ubongo unatuma amri mpaka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo kama kofia, nazo zinamwaga homoni ya kotisoli. Kotisoli inaongeza sukari kwenye damu ili upate nguvu za kukabili hatari. Sasa mwenye nyumba utamkabili vipi? Umpige? Umkimbie, na kitanda chako kiko nyumbani mwake?

Dawa, nikamwambia, ni kitu kitamu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, walichapisha habari za panya waliokuwa wakinyweshwa maji ya sukari mara mbili kwa siku, wiki mbili. Kisha wakasokomezwa kwenye mrija mwembamba dakika 20. Dakika 20! Hiyo mimi naiita safari ya kustarehe. Basi, homoni za msongo zilipanda kidogo kwa wale wa sukari kuliko kwa wenzao waliokunywa maji matupu. Hata walipopewa sakarini, tamu isiyo na lishe yoyote, nafuu ilikuwepo. Lakini sukari ilipopitishwa kwa mpira moja kwa moja tumboni, haikuwatuliza.

"Umeona? Kinachotuliza ni utamu ulimini, si shibe."

Mke wangu akatulia kidogo. Ningejua, ningekimbia.

"Walipewa kiasi gani hao panya?"

"Mililita 4 kila mara."

Akachukua kijiko cha chai, akakiinua kwenye taa. "Hiki kinabeba mililita 5. Panya katulia kwa kijiko kisichojaa. Wewe je?"

Nikakimbilia hesabu. Panya ana kama gramu 300, mimi nina kilo 90, yaani panya 300 ndani ya suruali moja. Mara mililita 4, ni lita moja na ushee. Kwa hiyo zege moja nilijinyima!

"Si umesema ni ulimi, si tumbo? Ulimi wako nao una kilo 90?"

Sikulala. Usiku wa manane nikapekua simu kutafuta mtafiti wa kunitetea, nikaangukia wa Minnesota, wa mwaka 2014. Wao waliwaonyesha watu filamu za kuwaudhi, kisha wengine wakapewa chakula wanachokikimbilia wakiudhika, wengine chakula kingine, wengine hawakupewa kitu. Baada ya muda nyongo za wote zilikuwa zimeshuka sawasawa, hata za waliokaa na njaa. Nani aliwatuma hawa?

Jana, baada ya daladala, nikaamua niishi kama panya. "Dogo, leo nipe chipsi tatu. Si sahani tatu. Vipande vitatu."

Dogo akaweka mwiko chini. Akanitazama kama mtu anayetazama msiba unavyoingia mtaani.

"Mzee, kumbe hali imefika huko?"

Akagonga mayai manne.