Namna ya Kumshinda Bwana Afya wa Tukuyu

Wewe unayeuza ndizi nyama stendi ya Tukuyu, wewe wa bucha ya Kiwira, nawe mchoma kitimoto wa Ushirika: kama umechoka kukimbizana na Bwana Afya, njia ya kumshinda ipo. Aje, azunguke, ainame achungulie mpaka chini ya meza, kisha aondoke bila kuandika notisi.

Kwanza, usimfungie mlango. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa mamlaka ya kuingia, kukagua na kuteketeza chakula kibovu. Kufuli halitakusaidia. Mkaribishe, mwoneshe leseni na vyeti vya kupima afya vya wote wanaogusa chakula, yule kijana muosha vyombo akiwemo.

Sasa tuingie jikoni, na tuanze na kitimoto, maana hapo ndipo pana hatari kubwa. Nunua nyama iliyokaguliwa, yenye muhuri. Ukiikata ukakuta malengelenge meupe, madogo kama punje za mchele, hao ni tegu wachanga: usiipike, mwite mkaguzi. Anayekula nyama hiyo ikiwa mbichi ndani hufuga tegu tumboni, na mayai ya tegu hutoka na choo chake. Mtu huyo akiwa ndiye mpishi wako, akatoka chooni bila kunawa akakata kachumbari, mteja ambaye hajaonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuyameza. Yakianguliwa, viluwiluwi husafiri na damu, vingine vikatua kwenye ubongo na kuleta kifafa. Muhuri wa nyama hauwezi kuzuia hilo, na Bwana Afya hasimami mlangoni pa choo chako. Weka pale ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Usiniambie maji hayapatikani. Kinga ya paa, kisha ya kunywa uyachemshe.

Mbao za kukatia nazo ziwe mbili, moja ya nyama mbichi na moja ya vilivyoiva. Mwaka 1964 mjini Aberdeen, Uskoti, nyama ya kopo kutoka Argentina ilikatwa kwa mashine ya dukani. Vijidudu vya homa ya matumbo vikahamia kwenye nyama nyingine, na zaidi ya watu 400 wakaugua. Uskoti wakati huo tayari ilikuwa na kanuni za usafi wa chakula za mwaka 1959, na wakaguzi wake. Kisu chako kinaweza kufanya kazi ileile kwa asubuhi moja.

Maziwa ya Rungwe ni mazuri, lakini yachemshe mpaka yafoke, hata ya ng'ombe unayemjua kwa jina: brusela na kifua kikuu cha ng'ombe havionekani kwa macho. Maharage ya jana yapashe mpaka yatokote. Choo kifunikwe, na taka zisilale.

Ukifanya hayo, Bwana Afya amekwisha. Atakunywa chai yake ya maziwa, atalipa, ataenda zake. Yeye huja mara chache. Wateja wako, na watoto wao, wanakula kwako kila siku. Kabla hujafungua kesho, kanunue ile ndoo.