Kwa Heshima ya Kalorimita Inayovuja

Wafalme wana watunga tenzi wao, timu za mpira zina watangazaji, na hata daladala huandikiwa sifa zake kwenye kioo cha nyuma. Kalorimita ya maabara ya fizikia ya mwaka wa kwanza haina mtu. Nimejitolea.

Kwa msomaji aliyebahatika kusoma sheria, kalorimita ni kikombe cha shaba kilichokaa ndani ya kikombe kikubwa zaidi, katikati yake pamba, juu kifuniko chenye matundu mawili: moja la kipimajoto, jingine la kikorogeo. Hiyo ni ya kwenye kitabu. Ya chuoni kwetu ilikuwa na kikombe kimoja na kifuniko kilichopinda. Pamba ilikwishaondoka na vizazi vilivyotangulia, na kikorogeo kilikuwa kipande cha waya wa umeme. Hata hivyo fundi wa maabara aliitunza kwenye kabati lenye kufuli mbili, na huipati mpaka uweke sahihi.

Sifa yake kuu ni ukarimu. Unakichemsha kipande cha shaba cha gramu 200 mpaka nyuzi joto 100, unakikimbiza na kukitumbukiza kwenye gramu 100 za maji yenye nyuzi 28. Kwa hesabu ya kitabu, joto lote linalotoka kwenye shaba liingie kwenye maji na kikombe, na maji yapande hadi karibu nyuzi 39. Bahili angefanya hivyo. Kalorimita yetu inagawa. Hewa ya chumba inapata, meza inapata, kifuniko kinapata, kidole cha aliyeshika kikombe kinapata, na mwenzako aliyeinama kusoma kipimajoto anapata fungu lake la mvuke puani. Maji, ambayo ndiyo yenye haki, yanaachiwa kinachobaki: nyuzi 37. Haiulizi kabila wala mkoa. Haitaki fomu tatu na picha mbili za pasipoti. Haikwambii mhusika ametoka kidogo, uje kesho. Inafuata sheria ya pili ya thamodinamiki, ambayo haina mlango wa nyuma: joto huenda kwa aliye baridi zaidi, bila kujuana na bila kuombwa chai. Nimezunguka ofisi nyingi za chuo kile, kuanzia ya usajili hadi ya mhasibu, na sikuona nyingine iliyotoa huduma kwa kasi ile wala kwa usawa ule.

Ina sifa nyingine pia. Haivunjiki. Ukiigonga hulia vizuri. Fundi alikuwa akiiwekea karanga.

Nyuzi mbili tu, utasema, zina nini? Zipitishe kwenye mlinganyo uone. Joto mahususi la shaba, ambalo kitabu kinasema ni jouli 385 kwa kilo kwa nyuzi moja, linatoka 313. Na hapa ukarimu wa chombo unakutana na tabia za wenye chuo.

Kundi lililoandika 313 lilipewa alama nne kwa kumi na neno moja la wino mwekundu: "Rudia." Maabara ilikuwa imefungwa, na wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya watu wa kemia. Basi kurudia kukafanyika hosteli, usiku, kwa kikokotoo. Hakuna shaba iliyochemshwa. Ripoti mpya ikapata tisa.

Ndivyo mtu anavyoingia kwenye fani ya kupika data, na ni fani kweli. Mpishi mchanga anaandika 385 kamili na kukamatwa. Mzoefu anaandika 379, halafu anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka anaipata nyuzi ambayo maji yalipaswa kuifikia, anaongeza kosa dogo hapa na pale ili karatasi ionekane imetoka maabara. Grafu huchorwa mstari kwanza, nukta hufuata. Pendula nayo hupikwa: mchapuko wa mwanguko unatoka 9.81, ambao ni wa London, wakati huku Pwani, karibu na Ikweta, ni 9.78. Wenzetu wa Iringa, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, wanaandika 100 na mkono hautetemeki.

Sasa niache mapambo kidogo, maana hili linaniudhi. Kuvuja si aibu ya kalorimita. Joto linavuja, hiyo ndiyo fizikia yenyewe tuliyolipia ada. James Joule, mtoto wa mtengeneza bia wa Salford, katika miaka ya 1840 alikoroga maji kwa pangaboi lililozungushwa na mizigo inayoshuka, akitafuta ongezeko lisilofika hata nyuzi moja. Chombo chake nacho kilibadilishana joto na chumba. Hakulificha jambo hilo: alilipima hilo joto linaloingia na kutoka, akaliondoa kwenye hesabu, akaliandika watu wasome. Sisi tulishindwa nini? Soma kipimajoto kila nusu dakika kwa dakika kumi, chora jinsi maji yanavyopoa, urudishe mstari nyuma hadi wakati wa kutumbukiza. Kazi ya karatasi moja ya grafu. Ila inahitaji msahihishaji anayesoma ripoti, si anayeruka hadi mstari wa mwisho kuulinganisha na jibu alilokuja nalo mfukoni. Madarasa yamejaa, wahadhiri wachache, nakubali. Lakini nafasi ya kuandika "Rudia" huwa ipo.

Na nchi hii ilikwisha kuonywa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, aliingiza maziwa ya moto kwenye friza kwa kugombea nafasi, na aiskrimu yake ikaganda kabla ya ile ya mwenzake ambaye hakuchemsha maziwa yake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu akaiita hiyo fizikia ya Mpemba, na kila akikosea wenzake wakaurudia mzaha huo. Kisha Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, akaja shuleni kuzungumza. Mpemba akamuuliza, wenzake wakacheka. Osborne aliporudi Dar alimpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, ila wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao, na wataalamu wanabishana juu yake hadi leo. Wazo la fundi halikuhitaji jarida. Lilisambaa lenyewe, vyuo vyote, bila mtu hata mmoja kulibishia.

Kwa hiyo naomba, katika mahafali yajayo, pamoja na mawaziri na wafanyabiashara watakaotunukiwa udaktari wa heshima, kalorimita yetu nayo iitwe jukwaani. Ivishwe joho. Joho lile zito, lililoshonwa kwa kuwaza nchi za theluji, tunalolivaa kwenye jua la Novemba, litakuwa kinga ya kwanza ya joto kupewa tangu pamba yake ipotee. Mshereheshaji akisoma wasifu wake, asome na jibu lake, 313, bila kulirekebisha. Wahadhiri wa safu ya mbele watatazamana, na mmoja wao, kwa mazoea tu, ataanza kupapasa mfuko akitafuta kalamu nyekundu.